Aqua, Leaf au nibaki na IST yangu? Fuoni mpaka mjini kila siku na Nungwi mwisho wa wiki

mtu_wa_fuoni aliandika:

Asalaam alaykum wanajukwaa. Naomba mawazo yenu maana kila ninaemuuliza mtaani ananambia lake. Nina IST ya 1.3, nakaa Fuoni hapa Unguja, kazi Darajani, kwa hiyo asubuhi na jioni lazima niipite Mwanakwerekwe na foleni yake mnaijuwa wenyewe. Mwisho wa wiki nachukua wageni, mara Nungwi, mara Paje, mara Jozani na kurudi, na AC muda wote kwa sababu mgeni akishatoka uwanja wa ndege kitu cha kwanza anachouliza ni AC. Gari haina tatizo, inawaka vizuri, lakini wale vijana wa sheli wananiona mara nyingi kuliko mke wangu.

Sasa shemeji yangu kashikilia ninunue Aqua, ile haibridi ya Toyota yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, anasema inakwenda kilomita 35 kwa lita. Jamaa mwengine ana Leaf anaiuza, gari ya umeme mtupu ya Nissan, ile ya mwanzo yenye betri ya uniti 24, ananambia ukishaichukua hii sheli utaisahau, unachomeka nyumbani usiku asubuhi unaondoka. Bei yake haiko mbali na Aqua kwa hivyo nimechanganyikiwa.

Swali langu, ipi kweli inakula kidogo, sio ya kwenye makaratasi, hapa hapa kwetu na joto letu na matuta yetu na umeme wetu? Na hizo betri zikifa inakuwaje? Nyumba nimepanga, mita ya tukuza (umeme wa kulipia kabla) tunachangia na mwenye nyumba, hilo nimelisema mapema msije mkaniuliza baadae.

Chuma_Chakavu aliandika:

Waalaykum salaam. Shemeji yako hakukudanganya ila kakusomea karatasi. Hiyo 35 ni kipimo cha Kijapani kinaitwa JC08, Aqua ilipotoka mwisho wa 2011 ndio ilitangazwa hivyo, kilomita 35.4 kwa lita. Wanaipima ndani, gari iko juu ya magurudumu ya mashine, haina abiria wa nyuma, haina mzigo, AC imezimwa. Sasa wewe weka wageni wanne na mabegi yao halafu nenda Nungwi saa saba mchana, hiyo 35 utaisikia kwenye redio. Aqua nzima yenye betri nzima hapa kwetu tegemea 20 mpaka 24, ukiwa na mguu mzito 18. IST yako ya 1.3 njia nzuri inakupa 13 hivi, ukichanganya na Mwanakwerekwe na AC ikikupa 11 sema alhamdulillahi.

Ila kama unataka kujuwa ipi inatumia nishati vizuri inabidi uziweke zote kwenye kipimo kimoja, kwa sababu huwezi kulinganisha lita na uniti hivi hivi. Lita moja ya petroli ina nishati karibu uniti 9, yaani uniti zile zile (kilowati-saa) unazonunua kwenye tukuza. Kwa hivyo IST ikila lita 8 kwa kilomita 100 imekula kama uniti 72. Aqua ikila lita 5 ni uniti 45. Leaf yenyewe kwenye betri inatumia 15 au 16, ongeza inayopotea wakati wa kuchaji, ukutani unavuta kama 18. Umeona tofauti? IST inatumia mara nne ya Leaf kwa njia ile ile na matuta yale yale.

Na inapotea wapi? Fungua boneti baada ya kutoka Paje uweke mkono karibu na rejeta (usiiguse tafadhali), lile joto lote ni pesa yako. Injini ya petroli ya kawaida ukiiendesha mjini robo tu ya petroli ndio inafika kwenye tairi, na mara nyengine hata robo haifiki, inayobaki inatokea kwenye rejeta na ekzosi. Mota ya umeme haina mambo hayo, zaidi ya robo tatu ya umeme uliotoka ukutani inafika kwenye tairi.

Haibridi watu wanafikiri ina umeme wake wa miujiza. Hasha. Kila kitu kimetoka kwenye petroli ile ile uliyotia sheli, huichomeki popote. Kinachosaidia ni kwamba ukisimama injini inazima, ukishika breki ile nguvu inarudi kwenye betri badala ya kuishia kwenye pedi, na injini ikiwaka inawaka pale inapofanya kazi vizuri tu, haihangaiki kwenye mizunguko ya kijinga. Na injini zenyewe zimetengenezwa kwa ajili hiyo, ile ya Prius ya 1.8 iliyotoka mwisho wa 2015 Toyota walisema inafika asilimia 40 kwenye hali yake nzuri kabisa, kwa injini ya petroli hiyo ni kubwa sana.

dereva_wa_shamba aliandika:

Fundi umeeleza vizuri lakini huyu ndugu hali uniti anakula ugali, mwambie pesa.

Mie nasema baki na IST yako. Gari imeshalipiwa kodi, unaijuwa ugonjwa wake, spea ziko kila duka, kila fundi chini ya mwembe anaijuwa. Tufanye petroli ni elfu tatu, hesabu nyepesi tu, bei yenyewe kila mwezi ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayopanga bei za mafuta, wanatangaza. IST kilomita 100 ni elfu 24, Aqua elfu 15. Unaokoa elfu tisa kila kilomita mia. Ukienda kilomita 1,500 kwa mwezi ni laki na 35 elfu. Sio pesa ya kudharau, nakubali. Lakini kuuza IST kwa hasara, uongeze milioni kadhaa juu, kodi na makaratasi, hiyo laki na 35 itarudisha ile pesa lini? Fanya hesabu na mke wako mezani, usifanye na dalali.

Na kitu chengine, hawa wa haibridi hawakwambii kwamba ukitoka Bububu ukashika njia ya Mahonda mwendo mmoja mpaka Mkokotoni, husimami, hushiki breki, ile haibridi inakuwa gari ya petroli tu iliyobeba betri. Faida yake iko kwenye foleni. Safari ndefu tofauti inapungua.

mama_wawili aliandika:

dereva_wa_shamba, mie naendesha Aqua na njia hiyo unayoisema naipita kwenda kwa mama yangu Mkokotoni, na nakwambia "husimami hushiki breki" labda unapita usiku wa manane. Kuna matuta kila kijiji, kuna ng'ombe, kuna skuli zinatoka mchana watoto wamejaa njiani, kuna askari, kuna daladala inasimama katikati ya barabara kushusha mtu mmoja na gunia lake. Kila hapo gari inarudisha umeme. Hapa kwetu hakuna barabara ya mwendo mmoja yakhe, hiyo iko Japani. Tofauti na IST inapungua kweli ukitoka mji lakini haipotei.

Sasa kaka wa Fuoni, ukitaka Aqua nisikilize mie kwenye jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na ina feni yake, inavuta hewa ya humo humo ndani ya gari kupitia tundu pembeni ya kiti cha nyuma, pana kikava kidogo chenye matundumatundu. Watu wanaweka begi pale. Watoto wanatupa maganda ya njugu. Na wewe unabeba wageni wanaotoka pwani na taulo limejaa mchanga, mchanga wote na vile vinyuzi vya taulo vinaingia mule. Langu lilipofunguliwa lilikuwa na kama godoro dogo la vumbi na nywele limeganda kwenye feni, hewa haipiti kabisa. Betri inapata moto, gari inaanza kunguruma kwa nyuma, mafuta yanapanda, siku moja taa nyekundu inawaka na mafundi wanakwambia betri imekufa. Wengi wetu betri haikufa kwa uzee, imekufa kwa joto.

Kwa hivyo fungua usafishe, sio kazi kubwa, na usizime AC huku nyuma madirisha yamefungwa, ile betri inapumua hewa ile ile unayopumua wewe. Wageni wakisikia baridi na betri inasikia baridi.

Jengine, gari ikikataa kuwaka kabisa asubuhi usikimbilie kulia. Kuna betri ndogo ya kawaida ya volti 12, hiyo ikilala gari nzima inakuwa maiti hata kama betri kubwa imejaa. Pale mtaani kwetu mtu alishaanza kutafuta wa kumuuzia betri kubwa kumbe ni hiyo ndogo tu.

Mpemba_Asili aliandika:

Nyie watu wa Unguja mna raha, kisiwa chenu bapa. Mie niko Wete na naenda Chake kila siku, milima na makona mnayajua mliokuja. Niliambiwa haibridi haifai Pemba eti milima itaua betri. Ni kinyume chake. Betri ya Aqua ni ndogo, haifiki hata uniti moja, kwa hivyo ukipata mteremko mrefu sana inajaa na faida inaishia hapo. Lakini milima ya kwetu ni mifupi, unapanda kidogo unashuka kidogo unapanda tena, betri haipati muda wa kujaa, kila unachoshuka unakitumia kwenye mlima unaofuata. Petroli ya kawaida ukishuka mlima unashika breki na ile nguvu uliyoinunua kupanda inakuwa moshi wa pedi. Mie pedi zangu mwenyewe nashangaa hazishi.

Ila hapo hapo kuna kitu, pedi zisipotumika sana na hewa yetu hii ya chumvi, diski zinaota kutu. Fundi alinionesha, diski ya mbele nyekundu kama imetoka baharini. Dawa yake mara mojamoja njia ikiwa tupu tia gia ya N ushike breki taratibu mwenyewe ili pedi zisugue.

Kwenye hii Leaf mie nauliza swali la watu wazima, mmesahau kiza? Unguja mlikaa bila umeme tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, kwa waya mmoja ulioharibika. Mwaka 2008 nako mlikaa karibu mwezi mzima. Maji ya ndoo, watu wananunua majenereta kama mkate. Ungekuwa na gari ya umeme wakati ule ungeisukuma mpaka Nungwi?

umeme_tu aliandika:

Mpemba nakuheshimu lakini ule ulikuwa waya wa mwaka 1980, wa megawati 45, ulishachoka. Mwaka 2013 ulizinduliwa mwengine wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Umeme bado unakatika mitaani sikatai, lakini gari haichaji kwa dakika ile ile unayotaka kuondoka, ukikatika saa mbili ukirudi saa sita usiku yenyewe inaendelea. Na petroli nayo inakuja kwa meli jamani, meli ikichelewa si tunapanga foleni sheli na madumu?

Mie nina Leaf, sio ya 24, ni ile ya pili yenye 40 ilioanza kutoka 2017, kwa hivyo naongea kwa kujuwa. Tena nataka nimwambie huyu ndugu wa Fuoni ASINUNUE hiyo ya 24 kabla hajaangalia jambo hili.

Leaf haina maji ya kupoza betri, inategemea upepo tu. Wamarekani wa Arizona kule jangwani walianza kulalamika toka 2012 kwamba betri zinapungua haraka kwa joto. Sisi hatuna joto la Arizona lakini hatuna baridi pia, mwaka mzima betri iko kwenye uvuguvugu. Kwenye kioo cha dashibodi mbele ya dereva, upande wa kulia, kuna vijiti vidogo 12, hivyo ndio uzima wa betri, usichanganye na vile vikubwa vinavyoonesha chaji. Cha kwanza kinapotea betri ikishuka chini ya asilimia 85, vinavyofuata kila kimoja kama asilimia 6. Kwa hivyo ukiona tisa maana yake betri iko kati ya 66 na 72, mtu anakwambia "vimepungua vitatu tu" kumbe thuluthi ya betri imekwenda.

Sasa piga hesabu. Betri ya 24 ikiwa mpya unayoweza kuitumia ni kama 21. Ikiwa na vijiti tisa unabaki na 14 au 15. Gari inakula 15 kwa kilomita 100. Una kilomita 95 hivi, na hapo umeendesha kwa adabu mpaka imekwisha kabisa, kitu ambacho hakuna mtu anafanya. Mjini Nungwi ni karibu 60 kwenda tu. Kwenda na kurudi na wageni na AC haikufikishi nyumbani, utalala Mkwajuni. Kwa Fuoni na Darajani inatosha na kubaki, hata siku mbili. Lakini pesa yako wewe iko Nungwi.

Kwa hivyo ukienda kuiona chukua kile kifaa cha OBD cha bluetooth kinachosoma kompyuta ya gari na programu ya LeafSpy kwenye simu, itakwambia uzima wa betri kwa asilimia na seli moja moja. Muuzaji akianza kusema "ah hiyo haina haja, we angalia bodi ilivyonyooka" ondoka.

dereva_wa_shamba aliandika:

Na AC je? Niliambiwa Leaf ukiwasha AC betri inakimbia.

umeme_tu aliandika:

Inategemea uko wapi, na hapa ndio watu wanajichanganya. AC inakula kwa saa, haili kwa kilomita. Kwa joto letu tuseme kilowati moja na nusu. Ukiwa njia ya Mahonda kwa mwendo wa 60, kilomita 100 utaziendesha chini ya saa mbili, AC imekula uniti mbili na nusu hivi, huioni. Ukiwa Mwanakwerekwe unatambaa kwa mwendo wa 15, kilomita hizo hizo 100 zingekuchukua karibu saa saba, AC peke yake imekula uniti 10. Yaani foleni inaongeza zaidi ya nusu juu ya matumizi ya gari yenyewe.

Lakini usicheke mapema, IST kwenye foleni hiyo hiyo imesimama haiendi popote na inachoma karibu lita nzima kwa saa na AC ikiwaka, ni uniti 9 hizo. Mie nimesimama pembeni yako nachoma uniti moja na nusu hivi. Mwendo ukizidi ndio Leaf inaumia, ukienda 100 upepo unaila vibaya kuliko AC, lakini kwa 80 zetu hizi na matuta gari ya umeme imefika kwao.

Gharama, tufanye uniti ni mia tatu, wewe weka bei ya mita yako. Uniti 18 ni elfu tano na mia nne kwa kilomita mia. Zirudie zile za dereva_wa_shamba hapo juu, elfu 24 na elfu 15, halafu unambie.

mtu_wa_fuoni aliandika:

Mashaallah mmenipa darasa. umeme_tu nimempigia yule jamaa, vijiti anasema "tisa au kumi hakumbuki". Sasa hakumbuki vipi na gari anaiendesha kila siku.

Suala la kuchaji, nikichomeka soketi ya sebuleni kwa dirishani si inatosha? Na kijenereta changu kidogo cha petroli ninacho, siku umeme haupo si nachaji nacho?

Chuma_Chakavu aliandika:

Dirishani hapana. Ile chaja ya kuchomeka soketi ya kawaida inavuta ampia 10 masaa saba, nane bila kupumzika. Pasi nayo inavuta umeme mwingi lakini dakika ishirini umeshazima. Waya za nyumba nyingi za kupanga ni nyembamba, soketi zimelegea, zimeungwa ungwa, unaamka usiku unasikia harufu ya plastiki. Mtafute fundi umeme avute waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya mnene, na soketi yake na kikata umeme chake. Ekstensheni ya kujikunja kunja usiiguse kabisa, ikikaa imejikunja inapata moto mpaka inayeyuka. Na gari zikitoka Japani chaja yao ina kichwa cha kwao, usimpe mtu akate abandike plagi kwa selotepu.

Na mwenye nyumba umeshamwambia? Uniti 16 usiku mmoja kwenye mita ya kuchangia, hiyo ni zaidi ya nyumba nzima na friji lake na feni zake. Wiki ya kwanza atanyamaza, ya pili mtagombana. Weka kimita kidogo cha pembeni kinachohesabu gari peke yake, mlipane kwa namba.

Kijenereta sasa, hapa nicheke kidogo. Hicho kidogo cha petroli kinakupa kama uniti mbili kwa lita. Ili upate uniti 18 za kilomita mia umechoma lita 9. IST yako inakula 8! Umenunua gari ya umeme ili itumie petroli nyingi kuliko uliyonayo, na kelele juu. Jenereta kubwa ya dizeli ya hoteli inatoa uniti tatu na kitu kwa lita, hapo unakaribia lita tano na nusu, sawasawa na Aqua au mbaya kidogo. Ndio maana nasema umeme wa gari unaulizwa umetoka wapi.

Hata huu wa waya. Unatoka bara, na bara sehemu kubwa ilikuwa inazalishwa kwa gesi, Kinyerezi na Ubungo. Mtambo wa gesi wa kawaida unageuza theluthi hivi ya gesi kuwa umeme, ule mzuri unaotumia na mvuke wake unakaribia nusu. Kwa hivyo uniti zako 18 ukizifuata mpaka kwenye gesi unakuta imechomwa kama 40 mpaka 55, na hujahesabu inayopotea kwenye nyaya njiani. Hiyo ni Aqua ile ile! Tofauti ilikuja maji ya Rufiji yalipoanza, lile bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Umeme wa maji hakuna cha kuchoma, hapo Leaf inaiacha haibridi mbali. Kwa mfuko wako haikuhusu sana, tukuza haiulizi umetoka kwenye gesi au kwenye maji, lakini mtu akikwambia Leaf haichomi chochote ujuwe ni nusu ya habari.

Mpemba_Asili aliandika:

Mwenye hoteli ana jua juu ya bati, huyo ndio wa Leaf. Mchana gari imesimama, jua linaingia bure, jioni inapeleka wafanyakazi. Sie wa kupanga tusubiri.

mama_wawili aliandika:

Kaka mie nakuona wewe ni mtu wa Aqua. Huna pa kuchaji pa uhakika, na Nungwi ndio riziki yako. Ila usinunue yenye betri "iliyotengenezwa upya". Ile betri ina vipande 20 vimepangwa kwenye mstari, kimoja kikifa mafundi wanatoa kile wanaweka cha gari nyengine, gari inapona mwezi miwili halafu kinakufa cha jirani yake, kwa sababu vimezeeka pamoja na hicho kipya hakilingani na wenzake. Unakuwa kila mara uko gereji. Bora aliyebadilisha pakti nzima au ambaye hajaigusa kabisa na unaona feni yake safi.

Na mtu asikutishe na gia boksi, haina mkanda kama CVT (gia zisizo na hatua) nyengine, ni meno kwa meno. Haina stata, haina altaneta. Vitu vingi ambavyo kwenye IST unavibadilisha huku havipo kabisa.

dereva_wa_shamba aliandika:

Haya mie bado niko na IST yangu na sijashawishika. Mnasema elfu tisa kwa kilomita mia, sawa, pakti nzima ni bei gani? Mbona hamna hata mmoja aliyeitaja? Gawanya bei ile kwa elfu tisa muone ni kilomita ngapi zinakwenda kuilipia betri peke yake. Kama gari ni ya mwaka 2012 betri imeshakula umri wake, huyo anaekuuzia kajiokoa yeye.

Kwa mtu wa skuli na sokoni nakataa kabisa. Kwa huyu ndugu mwenye wageni kila wiki, kidogo nalegea. Kilomita zake nyingi.

mtu_wa_fuoni aliandika:

dereva_wa_shamba umenipa kazi, kesho naulizia bei ya pakti kabla ya bei ya gari. Kuna Aqua nimeonyeshwa Amani, ya 2014, mwenyewe ni mwalimu, anasema haijafunguliwa betri. Nikifika pale naangalia kitu gani na kitu gani? Mie kwa injini ya kawaida najuwa kusikiliza, hii hata haitoi sauti.

Chuma_Chakavu aliandika:

Ndio vizuri haitoi sauti. Fika asubuhi, mwambie asiiwashe kabla hujafika, unataka kuiona ikiwa baridi. Iwashe, tia AC mwisho, kaa nayo imesimama robo saa. Injini itawaka na kuzima, tazama mchoro wa betri kwenye kioo. Ikiwa inajaa haraka haraka mpaka juu halafu inashuka haraka haraka mpaka chini, na injini inawaka kila dakika mbili, betri imechoka hata kama hakuna taa. Nzima inapanda na kushuka kwa taratibu.

Halafu kaa kiti cha nyuma wewe mwenyewe, sikiliza feni. Fungua kile kikava alichokisema dada hapo juu, tochi ya simu inatosha. Piga na mashine, sio ile inayosoma taa tu, inayoonesha volti za kila jozi ya vipande, ziwe zimekaribiana wakati unakanyaga mafuta na sio wakati imesimama, imesimama hata mgonjwa anaonekana mzima. Inua zulia la chini ya viti uone kama maji ya masika yameshaingia, ukiona tope au kutu kwenye boliti za kiti acha gari hiyo hapo hapo.

Ukishanunua jaza tangi mpaka pampu ikate, andika kilomita, endesha wiki, jaza tena sheli ile ile mpaka ikate, gawanya. Namba ya kwenye kioo mara nyingi inajisifu. Njoo utuandikie umepata ngapi.

mama_wawili aliandika:

Na mwalimu muulize alikuwa akipeleka watoto wangapi skuli, ukiona maganda ya ubuyu kwenye lile tundu mpunguzie bei.